Unakula Mutura, Halafu Unacheka Konokono?

Wasee, leo nitawakosea wengine wenu. Ni sawa. Mkimaliza kukasirika, rudini msome mpaka mwisho.

Nianze na konokono sita.

Walikuja kwa sahani ya chuma yenye vishimo sita, kila mmoja ndani ya gamba lake, siagi bado inachemka, kitunguu saumu kimejaa hewani, na majani ya kijani yamekatwa laini kama dania. Harufu ilikuwa ile ya mkate wa kitunguu saumu ukitoka kwa oveni. Mezani tulikuwa watu sita, kwa hivyo hesabu ilikuwa rahisi: kila msee mmoja. Nilikula wangu. Watano wakarudi jikoni vile walivyokuja.

Sina shida na hao watano kurudi. Pesa ilikuwa yangu, nimeshalia nikamaliza. Shida yangu ni kile kilichotokea kati ya sahani kufika na sahani kuondoka. Dakika kama tatu hivi. Hizo ndizo zimenifanya niandike hii kitu.

Wacha niwapeleke nyuma kidogo. Dadangu mdogo alisoma Kifaransa miaka minne. Si shule kubwa, ni shule ya kawaida, madam mmoja wa Kifaransa na vitabu vya kugawana watu watatu. Huyo mtoto alikuwa anaongea na kioo. Anaosha vyombo akihesabu kwa Kifaransa. Nikamwahidi: ukipata A, nitakupeleka mahali uagize chakula kwa Kifaransa na mtu akuelewe. Matokeo ya KCSE yakatoka, akapata A. Deni ni deni. Nikaweka doo miezi mitatu kutoka kwa kazi zangu za video, nikapata restoranti moja ya Kifaransa Westlands, nikaita mabeshte wanne tusherehekee.

Weita alikuwa kijana wa rika letu. Dadangu akafungua menyu, akavuta pumzi, akaagiza. Sauti ilitetemeka mwanzo, halafu ikasimama. Na yule weita, Mungu ambariki, akamjibu kwa Kifaransa. Manze, ungeona uso wa huyo mtoto. Alikuwa anawaka.

Halafu konokono wakafika.

Beshte wangu wa gym ndiye alianza: “Hii kitu inatambaa kwa ukuta wa bafu yetu, na hapa wanaiuza thao mbili?” Cuzo akatoa simu: “Cheki venye tunalishwa huku!” Mwingine akafanya ile sauti ya kutapika, kwa nguvu, mpaka meza ya pili ikageuka. “Yaaak!” Kicheko. Weita akabaki amesimama na ile tabasamu ya kazi, ile ambayo macho hayashiriki.

Uma wa dadangu ulikuwa umefika nusu njia. Ukarudi chini. Akasema, “Sisikii njaa sana.”

Tangu hapo hakusema neno lingine la Kifaransa usiku huo.

Chakula kiliendelea kwa mtindo huo huo. Beshte wa gym aliagiza nyama. Weita akamuuliza anataka iive kiasi gani, akajibu “kawaida tu,” kwa sababu kuuliza maana ni aibu ndogo ndogo. Ikaja nyekundu katikati. “Ng'ombe bado anapumua! Cheki damu!” Buda, hiyo si damu. Damu humwagwa mnyama anapochinjwa. Ile maji nyekundu ni protini ya misuli inayoitwa mayoglobini. Na kama hukuitaka hivyo, kwa lugha yao kuna maneno mawili tu ya kukuokoa: *bien cuit*, yaani iive kabisa. Hakuna mtu angekucheka. Wewe ndiye ulikuwa unacheka.

Sasa sikieni sehemu inayoniuma. Saa nne na nusu usiku, gari limetushukisha kwa steji ya mtaa wetu. Pale kona kuna jamaa wa mutura. Beshte wa gym, yule yule, akanyoosha mkono kabla hata mlango wa gari haujafungwa: “Nikatie ya soo, na uweke pilipili.”

Mutura! Wacha tuseme mutura ni nini, bila haya. Ni utumbo, umejazwa vipande vya nyama na damu, ukachemshwa, ukachomwa kwa makaa, ukakatwa kwa ubao ambao umeona mengi, ukaliwa kwa vidole gizani kando ya mtaro. Na ni tamu. Mimi mwenyewe ni mteja, simuachii mtu. Lakini mtu mwenye mutura mdomoni hana mamlaka ya kumwambia mtu mwingine duniani kwamba chakula chake ni kichafu. Nyani haoni kundule.

Na cha kuchekesha ni kwamba huyo Mfaransa unayemcheka ana mutura yake. Inaitwa *boudin noir*: damu ya nguruwe, mafuta na vitunguu ndani ya utumbo. Ana nyingine inaitwa *andouillette*, ambayo ni utumbo umejazwa utumbo. Ana matumbo pia: kule Normandy kuna *tripes à la mode de Caen*, matumbo ya ng'ombe na kwato, vinapikwa polepole saa nyingi mpaka vinalainika. Ana supu ya vitunguu, ambayo wafanyakazi wa soko kuu la zamani la Paris, Les Halles, walikuwa wanakunywa usiku wa manane ili wapate nguvu ya kubeba mizigo. Kama una mjomba aliyewahi kubeba magunia Marikiti, unajua hiyo supu ni ya nini. Ana *bouillabaisse*, mchuzi wa wavuvi wa Marseille, uliotokana na samaki ambao soko halikuwataka. Hata neno lenyewe “restaurant” lilikuwa jina la supu ya kumrudishia mtu nguvu kabla ya kuwa jina la mahali pa kula. Yaani supu tu. Hilo jina linalokutisha kwa mlango wa kioo lilikuwa jina la supu, wasee.

Chakula kingi tunachokiogopa kwa menyu ya Kifaransa ni chakula cha watu wa chini kilichovalishwa kitambaa cheupe. Tofauti yao na sisi si kwamba wana pua ngumu. Tofauti ni kwamba walikataa kuona haya. Mwaka wa 2010 mlo wa Kifaransa uliingizwa na UNESCO kwa orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mnajua ni nani mwingine UNESCO ilimtambua kwa mambo ya chakula? Sisi. Mwaka wa 2021, kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya kiasili iliingia kwa rejista ya UNESCO ya mifano bora. Managu, mrenda, saga, kunde, mboga za shosho ambazo ulikuwa unaficha chini ya ugali ili usile. Dunia inatupigia makofi, na sisi bado tunafunga madirisha jirani akipika omena.

Najua jibu lenu. “Lakini konokono si chakula cha Kiafrika.” Mwambie Mnigeria hivyo. Lagos, Accra, Abidjan, konokono mkubwa wa nchi kavu ni nyama ya heshima, inatoka sokoni kwa bei yake na inaingia kwa mchuzi wa pilipili. Unacheza nyimbo zao kila wikendi, unatazama filamu zao, halafu sahani yao ndiyo si Afrika?

Na hiyo “chakula chetu” tunayoilinda hivi, tuikague. Mahindi ya ugali yalitoka Amerika. Chapati ilikuja na Wahindi. Na viazi vya chipo, ambavyo cuzo aliviomba kwa haraka ili “angalau nile kitu najua,” vilitoka Amerika ya Kusini. Cuzo, wacha nikupe stori. Karne ya 18, Wafaransa wengi walikuwa hawataki kuona viazi. Walisema ni chakula cha nguruwe. Wengine waliamini vinaleta ukoma. Mfamasia mmoja wa jeshi, Antoine-Augustin Parmentier, akatekwa na Waprusi wakati wa Vita vya Miaka Saba, akalishwa viazi gerezani. Akagundua hafi. Kinyume chake, yuko na nguvu. Alirudi kwao na kutumia miaka mingi kuwashawishi watu wake waonje. Leo kaburi lake liko Paris, makaburi ya Père Lachaise, na watu wanaoenda kumtembelea huwa wanamwekea viazi juu yake. Kwa hivyo ile chipo ilikuwa konokono ya mtu fulani. Kuna siku Mfaransa aliitazama akafanya uso kama wako.

Sasa nimewasema nyinyi vya kutosha. Zamu yangu.

Kidato cha pili, shule ya bweni. Siku ya kutembelewa imeisha, kila mtu anafungua sanduku lake bwenini kuona mamake alileta nini. Msichana mmoja kutoka upande wa Magharibi akatoa mkebe. Ndani kulikuwa na kumbikumbi waliokaushwa na chumvi. Akatuonyesha sisi wote, mkono umenyooka, anatukaribisha. Na sauti ya kwanza kusema “yaaak” kwa hiyo chumba ilikuwa yangu. Sikuwahi kuwaonja. Sikuwa na sababu. Nilitaka tu kicheko, na nikakipata. Akafunga mkebe.

Muhula mzima, usiku taa zikizimwa, tulikuwa tunasikia kile kifuniko kikifunguka polepole gizani. Alikuwa anakula zawadi ya mamake chini ya blanketi, kama mwizi. Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilikuwa na miaka mitatu ya kufanya hivyo na kitanda chake kilikuwa cha tatu kutoka changu.

Kwa hivyo uma wa dadangu ulipoteremka, mimi nilisikia kifuniko cha mkebe.

Hiyo ndiyo pointi yangu yote, na mtu asiipotoshe. “Yaaak” haisemi chochote kuhusu chakula. Konokono hana masikio. “Yaaak” inasikika na mtu aliyekaa hapo akitaka kula, na mtu aliyekipika, na mtu aliyekibeba mpaka mezani. Inamwambia: wewe unayekula hii, wewe ni mtu wa aina gani? Na huyo mtu, kama ni mdogo au mpole, anaweka uma chini. Siku nyingine haleti mkebe. Baadaye anakuwa mtu mzima ambaye anaona haya kumwambia mwenzake kwamba kwao hula nini.

Sasa kabla hamjaniita mlazimishaji, sikizeni. Kutokula si dhambi. Mezani alikuwa pia beshte wangu wa Mombasa, ni Muislamu. Kabla hata ya kuagiza alimwita weita pembeni: kaka, gani hapa haina nguruwe na haijapikwa kwa mvinyo? Weita akamweleza yote, akamwambia hata kuku fulani amelala kwa mvinyo usiku kucha, amwepuke. Akachagua samaki. Konokono alipopitishwa, akasema “Hapana, asante, kuleni nyinyi,” akasogeza sahani karibu na dadangu. Hakuonja hata siagi. Na yeye ndiye mgeni bora niliyekuwa naye usiku huo. Wanne hawakula konokono kwa hiari yao. Watatu walituchoma, mmoja hakutuchoma. Chakula walichokataa ni kimoja. Tofauti ni adabu.

Kuna wenye mzio, ambao karanga moja au kamba mmoja anaweza kuwapeleka hospitali. Kuna wasiokula nyama. Na kuna watu ambao kwao si maringo hata kidogo: hali inayoitwa ARFID, ambayo tangu 2013 iko kwa DSM-5, mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili. Mtu mwenye hiyo hali anashindwa na vyakula vingi kwa sababu ya umbile lake mdomoni, au harufu, au hofu ya kusakamwa, na wala hajaribu kupunguza uzito. Ukimwekea uma usoni ukimwambia “onja tu kidogo, usiwe mshamba,” wewe ni mbaya kuliko yule wa yaaak. Ndiyo, naongea na nyinyi pia, nyinyi mabingwa wa vyakula mliokula jibini ya bluu mara mbili na sasa mnatembea kama mabalozi. Kumdharau mtu kwa kile anachokula na kumdharau kwa kile asichokula ni ugonjwa mmoja.

Na mimi mwenyewe nina kosa langu la usiku ule. Nilichagua mahali bila kuuliza mtu. Nilituma tu ramani na saa. Sikutuma menyu. Sikuwaambia kwamba pale hakuna bakuli la tomato sosi mezani, wala kwamba kuna nyama inaweza kuja nyekundu. Mtu akiogopa kuonekana mshamba, anashambulia kwanza. Nikimtazama vizuri beshte wa gym, yule jamaa alikuwa na hofu. Menyu hakuielewa, uma zilikuwa mbili, na mtoto wa miaka 18 alikuwa anaongea lugha ambayo yeye haijui. Kelele ilikuwa njia yake ya kujificha. Hiyo haimsafishi, lakini inanifundisha.

Kwa hivyo kama unapanga kupeleka genge lako kwa mahali kama hapo, fanya vile mimi sikufanya. Tuma menyu siku mbili kabla. Uliza kila mtu hawezi kula nini, na usiulize kwa nini. Piga simu huko, uliza mambo ya mzio na mvinyo. Jikoni linaloheshimika halikasirikii swali. Kwa wale waoga kuna njia rahisi: kuku wa kuoka, nyama iliyoiva kabisa na chipo, supu ya vitunguu yenye mkate na jibini juu, halafu *crêpe* kumalizia, ambayo ni binamu wa chapati ya maji. Hakuna aibu kwa hiyo orodha. Ile kitu ya ajabu, agizeni moja ya kugawana, ikae katikati, mwenye mkono anyooshe, asiye na mkono aendelee na mkate wake. Mtoto mdogo huenda akahitaji kukutana na chakula kipya mara kumi au zaidi kabla akikubali. Mtu mzima pia mpe muda.

Na kwako wewe mchaguzi, sheria ni moja tu: kataa kwa mdomo, usikatae kwa uso. “Hapana, asante.” Maneno mawili, hayagharimu kitu. Simu weka mfukoni, kwa sababu sahani ya mtu si katuni ya statasi yako. Na kama umeshindwa kabisa, kula nyumbani kabla ya kuja, uje tu utupigie stori. Tulikuita kwa sababu yako, si kwa sababu ya tumbo lako.

Wiki mbili baadaye nilimrudisha dadangu pale. Sisi wawili tu, doo ya sahani moja na maji. Weita alikuwa yule yule. Alimkumbuka. Akamsalimia kwa Kifaransa, na huyo mtoto akamjibu bila kutetemeka.

Konokono wakafika, sita, siagi ikichemka. Dadangu akashika ule mkasi mdogo wa kubania gamba, akahangaika nao, karibu umrukie jirani, akacheka. Akamtoa mmoja. Akamtia mdomoni. Akatafuna polepole, macho kwa dari, kama jaji.

“Aki hapana,” akasema. “Sijapenda.”

Akachukua mkate, akaanza kupangusa siagi yote kwa sahani, mimi nikamaliza konokono wengine watano.

Hiyo ndiyo nilikuwa nataka tangu mwanzo. Akatae kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa kelele za watu wengine.